Maswali ya Wasomaji: Darwin aliazima nini, na kwa nani?

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu nadharia ya mageuko imetuletea barua nyingi. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: Darwin alianzia wapi? Tumechagua nane, na nyingine tumezifupisha.

Mwalimu wetu anasema mwanzilishi wa nadharia ya mageuko ni Darwin. Kitabu cha maktaba kinasema ni Lamarck. Kwenye mtihani niandike nani?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tabora*

Soma swali limeulizwaje, kwa sababu hapo yamechanganywa mambo mawili.

Wazo kwamba viumbe hubadilika kizazi baada ya kizazi lilikuwepo kabla Charles Darwin hajazaliwa. Buffon wa Ufaransa alijiuliza mwaka 1753 kama farasi na punda walitoka kwa mzazi mmoja, kisha akalikana wazo lake mwenyewe palepale. Tabibu Erasmus Darwin, babu yake Charles, aliliandika waziwazi katika miaka ya 1790. Aliyelijengea nadharia kamili ni Lamarck, mwaka 1809, mwaka uleule alipozaliwa Charles. Kwa hiyo ukiulizwa ni nani alitangulia kutoa nadharia ya mageuko, Lamarck ni jibu zuri. Ukiulizwa kuhusu uteuzi asilia, yaani *namna* mageuko yanavyotokea, andika majina mawili: Darwin na mwanaasili Mwingereza Alfred Russel Wallace, 1858.

Lamarck alisema kiungo kinachotumika hukua, kisichotumika hufifia, na mabadiliko hayo hurithiwa. Ndipo ulipotoka mfano wa twiga anayenyoosha shingo. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa kwa kuandika kwamba Darwin aliyapinga haya. Hakuyapinga, aliyaacha yakae pembeni ya uteuzi asilia, na kadiri alivyozeeka aliyategemea zaidi. Aliyefunga mlango ni Mjerumani August Weismann, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1880 alikata mikia ya panya kwa vizazi vitano. Katika watoto 901 waliozaliwa, hakuna hata mmoja aliyekuja bila mkia. Kwa haki ya Lamarck tuseme kwamba jaribio hilo halikumgusa sawasawa: yeye alizungumzia kiungo kinachobadilika kwa matumizi ya mnyama mwenyewe, si kwa kisu. Na kama ni kisu tu, Wamasai wametoboa na kuvuta masikio kwa vizazi vingi kuliko panya wa Weismann, na watoto wao bado huzaliwa na masikio mazima.

Nimesoma kwamba mwanachuoni wa Kiislamu, Al-Jahiz, aligundua mageuko miaka elfu moja kabla ya Darwin, na kwamba Wazungu walimwibia. Ni kweli?
*Msomaji, Mombasa*

Nusu ya kwanza ina chembe ya ukweli. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 868, aliandika kitabu kikubwa kuhusu wanyama, Kitab al-Hayawan. Humo anaeleza jinsi panya anavyotoka kutafuta riziki, anavyokula walio dhaifu kuliko yeye, na anavyojificha asiliwe na nyoka na ndege. Anagusia pia jinsi mazingira yanavyogeuza maumbile. Kwa karne ya 9, huo ni uchunguzi wa hali ya juu.

Lakini kuona kwamba mnyama humla mnyama hakutoshi. Mvuvi yeyote wa Mombasa anajua papa hula samaki wadogo. Kinachohitajika ni hatua inayofuata: kwamba wanaosalimika wanatofautiana na wanaoliwa, kwamba tofauti hiyo hurithiwa, na kwamba ikikusanyika kwa muda mrefu huleta spishi mpya. Mlolongo huo mzima haumo kwa Al-Jahiz.

Na wizi? Darwin hakusoma Kiarabu. Mwaka 1861, katika chapa ya tatu ya kitabu chake cha 1859, On the Origin of Species, aliongeza utangulizi wa kuwataja waliomtangulia, na Al-Jahiz hayumo. Kumtangulia mtu ni jambo moja, kumfundisha ni jingine.

Ninaongoza wageni Olduvai. Kila wiki naulizwa: watu walijuaje kwamba dunia ni ya zamani sana, na hilo lilimsaidia nini Darwin? Nipeni jibu lenye hesabu.
*Mwongoza watalii, Karatu*

Anza na kile mgeni anachokiona akisimama ukingoni mwa bonde: matabaka. Kanuni kwamba tabaka la chini liliwekwa kabla ya la juu yake iliandikwa na Nicolas Steno mwaka 1669. Mpima ardhi Mwingereza, William Smith, akaongeza kwamba kila tabaka lina visukuku vyake (mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe), kiasi cha kuweza kulitambua mahali pengine kwa visukuku hivyo. Ramani yake ilitoka mwaka 1815. Hans Reck alipofika Olduvai mwaka 1913 aliyapa matabaka namba kuanzia chini kwenda juu kwa kanuni hizohizo.

Hiyo ni mfuatano. Muda wenyewe ulianza kuonekana kwa James Hutton wa Scotland. Mwaka 1788, pale Siccar Point, alionyesha miamba iliyosimama wima ikiwa imefunikwa na mingine iliyolala karibu mlalo. Hesabu kazi iliyofanyika hapo: mchanga ulitua chini ya maji, ukagandamana kuwa jiwe, ukapinduliwa hadi ukasimama, ukalika juu, kisha mchanga mwingine ukatua na kugandamana upya. Hutton hakutoa idadi ya miaka. Alisema tu kwamba haoni dalili ya mwanzo.

Charles Lyell akalifanya hilo kuwa kanuni ya kazi katika juzuu tatu za miaka ya 1830 hadi 1833: eleza yaliyopita kwa nguvu zilezile tunazoziona leo, yaani mvua, mito, mawimbi, volkano na matetemeko. Darwin alipopanda meli ya Beagle Desemba 1831, Kapteni FitzRoy alimpa juzuu ya kwanza. Mwalimu wake Henslow alikuwa amemwambia aisome lakini asiyakubali yaliyomo. Hakumsikiliza. Februari 20, 1835, tetemeko liliipiga Chile, na kwenye kisiwa cha Santa Maria FitzRoy akakuta kome waliooza wakiwa bado wameshika mwamba, futi 10 juu ya alama ya maji makuu. Tetemeko moja, futi 10. Darwin alikuwa na haja ya kurudia tu tendo hilo kichwani mara nyingi ili apate milima ya Andes. Baadaye aliirudisha fikra ileile kwa wanyama: badiliko dogo, mara nyingi, kwa muda mrefu.

Sasa hesabu uliyoomba, na ni hesabu iliyomwaibisha. Kusini mwa Uingereza kuna eneo liitwalo Weald ambalo miamba yake ya juu imeliwa. Darwin alikadiria kwamba bahari hula jabali la kimo cha futi 500 kwa inchi 1 kila miaka 100. Upana wa eneo ni maili 22, sawa na inchi 1,393,920. Zidisha kwa 100, unapata miaka 139,392,000. Miamba iliyoondoka ilikuwa na unene wa futi 1,100, si 500, kwa hiyo zidisha tena kwa 2.2. Jibu: miaka 306,662,400, nalo akalichapisha hivyohivyo mwaka 1859. Makosa ni mawili. Aliiachia bahari peke yake kazi, ikila kutoka upande mmoja, ilhali mvua na mito hula uso wote kwa pamoja. Tena aliingiza makadirio ya mkupuo akatoa jibu lenye tarakimu tisa, kama muuza duka anayekisia uzito wa gunia kwa macho kisha akakuandikia gramu. Katika chapa ya 1861 hesabu yote ilikuwa imeondolewa.

Baada ya hapo akaja mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Mwaka 1862 alihesabu muda ambao dunia ingechukua kupoa kutoka hali ya kuyeyuka, akapata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Kufikia 1897 alikuwa ameibana hadi kati ya milioni 20 na 40. Darwin aliogopa hesabu hiyo kuliko mahubiri ya askofu yeyote. Hesabu ya Kelvin yenyewe haikuwa na kasoro. Iliyokosea ni misingi yake. Alichukulia kwamba joto husafiri ndani ya dunia kama linavyopita kwenye chuma kigumu, wakati sehemu kubwa ya ndani huzunguka polepole na kuleta joto juu. Tena mionzi ya madini, ambayo nayo hutoa joto, iligunduliwa mwaka 1896 tu.

Mionzi hiyohiyo ndiyo ikaleta saa. Potasiamu-40 huoza polepole, sehemu yake ikigeuka kuwa gesi ya agoni, na nusu ya potasiamu hiyo huisha kwa takriban miaka bilioni 1.25. Lava ikiwa bado ya moto agoni hutoroka, kwa hiyo saa huanzia sifuri. Ikiganda, agoni inayozaliwa hunaswa ndani ya fuwele. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya tabaka la kwanza la Olduvai yalipimwa hivyo, na fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey mwaka 1959 likapewa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio ya awali. Waambie wageni pia kwamba saa hiyo haipimi mfupa. Hupima majivu yaliyo juu na chini yake, na hudanganya ikiwa majivu yamechanganyika na fuwele za zamani (umri hupanda) au mwamba umechakaa na kuvujisha agoni (umri hushuka).

Nani alithibitisha kwamba wanyama wanaweza kutoweka kabisa?
*Msomaji, Lubumbashi*

Georges Cuvier, Paris, mwaka 1796, na alitumia tembo. Meno ya magego ya tembo wa Afrika yana matuta yenye umbo la kashata, yaani pembe nne zilizolala upande. Ya tembo wa Asia yana mistari myembamba sambamba. Cuvier alionyesha kwamba hao ni spishi mbili, kisha kwamba mifupa ya mamothi wa Siberia haikuwa ya yeyote kati yao. Mnyama mkubwa kiasi hicho, kama angalikuwa hai, nani asingemwona?

Kinachofurahisha ni kwamba Cuvier aliyapinga mageuko hadi kufa. Alipima kwarara waliokaushwa katika makaburi ya Misri akawakuta sawa na wa leo. Lamarck alimjibu kwamba miaka elfu chache ni kufumba na kufumbua, na kwamba mazingira ya Misri yenyewe hayakuwa yamebadilika. Hapo Lamarck alikuwa na haki. Hata hivyo, bila hoja ya Cuvier kwamba wanyama hutoweka, Darwin asingekuwa na maana ya kutoa kwa wanyama wakubwa aliowafukua Amerika Kusini, waliofanana na kakakuona wa huko wa leo lakini hawakuwapo tena. Lyell vilevile: alimpa Darwin muda, kisha akachukua karibu miaka kumi baada ya 1859 kukubali jinsi Darwin alivyoutumia muda huo.

Ninasoma uchumi. Malthus ni mwanauchumi. Amefikaje kwenye biolojia?
*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Nairobi*

Alifika kwa hesabu ya kuzidisha. Mwaka 1798 Thomas Malthus aliandika kwamba watu wasipozuiwa huongezeka maradufu kila miaka 25, lakini chakula huongezeka kwa kujumlisha. Anza na 1 kwa 1. Baada ya miaka 100 ni watu 16 kwa chakula 5. Baada ya miaka 225, kwa tarakimu zake mwenyewe, ni 512 kwa 10. Pengo hilo huzibwa na njaa, maradhi na vita.

Darwin alimsoma Septemba 28, 1838, miezi kama 15 baada ya kufungua daftari lake la kwanza kuhusu kubadilika kwa spishi. Alikuwa tayari na tofauti kati ya viumbe, na muda wa Lyell. Alikosa nguvu ya kusukuma. Malthus aliongea juu ya jumla: wangapi watakufa. Darwin aliuliza swali ambalo Malthus hakuliuliza: *yupi* atakufa, na yupi atabaki?

Ili asiambiwe kwamba amechagua mnyama wa kuzaa ovyo kama panya, alichukua tembo, aliyehesabiwa kuwa mzazi wa polepole kuliko wote. Kwa makadirio yake, jozi huanza kuzaa ikiwa na miaka 30, huishia 90, hupata watoto sita. Chapa ya kwanza ilisema kwamba baada ya miaka 500 kungekuwa na tembo milioni 15. Mwaka 1869 msomaji wa gazeti moja aliirudia hesabu akaona haitoki. Darwin akamkabidhi mwanawe George, mtaalamu wa hisabati, na chapa za baadaye zinasema karibu milioni 19 baada ya miaka 740 hadi 750. Unaweza kuijaribu: 2 ikiongezwa maradufu zaidi kidogo ya mara 23 hufika hapo, yaani maradufu moja kila miaka 32 hivi. Tarakimu zilikuwa zimekosewa vibaya, lakini hoja haikutikisika, kwa sababu hata kwa tembo jibu ni kwamba wengi lazima wasifike utu uzima.

Utaambiwa darasani kwamba Malthus alikosea kuhusu watu, kwani kilimo kilikua kuliko alivyodhani. Sawa, lakini tembo halimi.

Wallace naye alimkumbuka Malthus huyohuyo mwanzoni mwa 1858, akiwa na homa katika visiwa vya Maluku. Barua aliyomtumia Darwin iliandikwa Ternate, moja ya visiwa vya asili ya mikarafuu. Maandishi ya wote wawili yalisomwa London Julai 1, 1858, wenyewe wote wakiwa hawapo.

Nafuga njiwa manga. Nimesikia Darwin naye alifuga. Aliwatumiaje?
*Mfugaji, Unguja*

Alianza mwaka 1855, akajiunga na vyama viwili vya wafugaji wa London. Wafugaji walikuwa na ujuzi ambao wanasayansi hawakuwa nao: walijua jinsi ya kumbadilisha ndege kwa kuchagua nani azae na nani. Sir John Sebright, bingwa wa kazi hiyo, alikuwa akisema unyoya wowote atautoa kwa miaka mitatu, lakini kichwa na mdomo humchukua sita.

Jaribio la Darwin unaweza kulielewa vizuri kuliko maprofesa wengi. Alipandisha njiwa weupe wenye mkia uliofunguka kama upepeo na njiwa weusi wa mdomo mfupi. Watoto wakatoka na madoa ya kahawia na meusi. Akapandisha machotara kwa machotara, na mjukuu mmoja akatoka wa rangi ya buluu-kijivu, kiuno cheupe, mistari miwili myeusi ya bawa: yaani njiwa wa mwituni kabisa. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba aina zote zilitoka kwa njiwa mmoja wa majabalini.

Ukitaka kujaribu, tenga jozi kila moja kwenye kizimba chake na weka alama mguuni kuanzia kinda. Banda la wazi litakuharibia kila kitu: dume wa jirani akiingia mara moja, kumbukumbu zako hazina kazi tena.

"Kusalimika kwa wanaofaa zaidi" ni maneno ya Darwin?
*Msomaji, Kampala*

Hapana. Ni ya mwanafalsafa Herbert Spencer, 1864. Darwin aliyaingiza katika chapa ya tano, 1869, Wallace akimhimiza. "Kufaa" hapo hakumaanishi nguvu za mwili. Ni kufaa mahali na wakati huo, na kuacha watoto.

Nafundisha biolojia. Wanafunzi huuliza kwa nini Darwin alishindwa kueleza urithi. Kuna njia ya kuwaonyesha bila maabara?
*Mwalimu, Bujumbura*

Alishindwa, Mwalimu, kwa sababu aliazima pia wazo bovu. Wakati huo karibu kila mtu aliamini kwamba sifa za wazazi huchanganyika kama rangi mbili. Mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin alionyesha matokeo yake: kiumbe mmoja mwenye sifa mpya akizaa na wa kawaida, watoto wana nusu ya sifa, wajukuu robo, na baada ya vizazi 10 imebaki 1/1,024. Uteuzi hauna tena cha kuteua. Mwaka 1868 Darwin alichapisha nadharia yake ya urithi, ya vijichembe vinavyotoka kila kiungo kwenda kwenye mbegu za uzazi. Binamu yake Francis Galton, ili kuvijaribu vijichembe hivyo, akahamisha damu kati ya sungura wa rangi tofauti, na vizazi vyao havikubadilika hata kidogo.

Jibu lilikuwa limekwisha kuchapishwa mwaka 1866 na Gregor Mendel wa Brno. Alipandisha njegere za mviringo na zenye mikunjo. Kati ya mbegu 7,324 za kizazi cha pili, 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, uwiano wa 2.96 kwa 1. Mikunjo ilipotea kizazi cha kwanza ikarudi cha pili ikiwa nzima, haikupunguzwa nusu. Mendel alikuwa amemsoma Darwin kwa Kijerumani. Darwin hakumsoma Mendel, na dunia haikumsoma hadi 1900.

Kwa darasa, fanya mambo mawili sambamba. La kwanza ni la Jenkin: glasi ya maji yaliyotiwa rangi nyekundu nzito, mwaga nusu, jaza maji safi, rudia mara 10. Tia rangi nyingi mwanzoni, la sivyo itapotea kwenye mara ya nne na wanafunzi watadhani umewachezea.

La pili ni la Mendel. Kila kundi lipate makopo mawili, moja kwa kila mzazi, na kila kopo maharage 50 mekundu na 50 meupe. Bila kutazama, toa harage moja kila kopo, andika, *rudisha*, tikisa, mara 100. Nyekundu huficha nyeupe, kwa hiyo "weupe" ni zile jozi za nyeupe mbili tu. Tarajia kama 25. Maharage mekundu na meupe ya sokoni hayalingani ukubwa, na vidole hujifunza haraka kuchagua. Nunua meupe tupu, nusu uyapake rangi. Wasiorudisha harage hubadilisha uwiano wa kopo kila wanapotoa. Kundi moja likipata weupe 19 na jingine 31, usiwaambie waanze upya. Jumlisha makundi yote kwanza, kisha ndipo mgawanye.